Kompyuta ya kuigia urubani: ninunue iliyokwisha kuundwa, au niiunde hapa Lubumbashi?

Mwalimu wa Ruashi ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo imenichukua muda mrefu kuziweka kando. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na ninataka kompyuta itakayoendesha vizuri programu ya kuiga urubani. Napenda habari za ndege tangu utotoni, lakini hiyo siyo sababu pekee: wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho huelewa upesi zaidi nguvu ya kunyanyua, ukinzani wa hewa na mgandamizo wa angahewa wanapoiona ndege ikitii kanuni hizo mbele ya macho yao. Uwanja wetu wa ndege wa Luano uko kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na ningependa waone wenyewe kwa nini Cessna 172 yenye mzigo kamili, mchana wa Oktoba, hukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka Luano kuliko ingekimbia kule Muanda pwani.

Nina dola 1,600 kwa jumla. Skrini ninayo, ya pikseli 1920 kwa 1080, joistiki sina. Njia zilizo mbele yangu ni mbili. Kuna mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Johannesburg kupitia mpaka wa Kasumbalesa, naye ananiahidi kompyuta iliyokwisha kuundwa yenye prosesa ya Core i5-13400F, RAM ya gigabaiti 16, kadi ya michoro ya RTX 4060 na diski ya SSD ya terabaiti 1. Njia nyingine ni kuagiza vipande kimoja kimoja, vingine kutoka Dubai na vingine Afrika Kusini, kisha kuviunganisha hapa hapa mjini. Sijawahi kuunda kompyuta, ingawa bisibisi hainitishi. Kwa hesabu zangu bei hazipishani sana, kwa hiyo siulizi tu ipi ni nafuu. Nauliza ni ipi itakayonipa mashine inayoifaa kazi hii, na itakayodumu katika mji wetu pamoja na umeme wake na vumbi lake la kiangazi.

Fundi wa Kamalondo amejibu:

Mwalimu, mimi ningeiunda, na sababu yangu ya kwanza inatoka katika programu zenyewe.

Kompyuta nyingi zinazouzwa tayari kwa ajili ya michezo hupangwa kwa kuitanguliza kadi ya michoro, kwa kuwa ndiyo kitu ambacho wanunuzi wengi huulizia. Simuleta ya ndege ina tabia tofauti. Hesabu za mwendo wa ndege, mifumo ya chumba cha rubani, hali ya hewa, ndege nyingine zilizo karibu na ujenzi wa mandhari yote iliyo chini yako huielemea prosesa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita katika mfuatano mmoja mkuu ambao hauwezi kugawanywa kirahisi miongoni mwa viini vyote vya prosesa. Mfuatano huo ukichelewa, kadi ya michoro, hata ikiwa ya bei ya juu kiasi gani, hukaa ikisubiri. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kadi nzuri sana, lakini akikaribia uwanja wa jiji kubwa picha ikaanza kusitasita, na kusitasita huko kukamjia katika mita za mwisho kabla ya kugusa barabara ya ndege, pale ambapo mkono wake unahitaji jibu la papo hapo. Katika programu hizi fremu, yaani picha, 30 hadi 40 kwa sekunde zinatosha kabisa mradi ziwe tulivu. Fremu 70 zinazoporomoka ghafla hadi 15 hazimsaidii rubani.

Kitu kilichobadilisha mambo ni kumbukumbu ya kashe iliyo ndani ya prosesa. Mwaka 2022 AMD ilitoa Ryzen 7 5800X3D yenye kashe ya L3 ya megabaiti 96, wakati Ryzen za kawaida za viini vinane za kizazi hicho zilikuwa na 32, na watu wa simuleta waliona faida yake mara moja, kwa sababu programu hizi hurudia kusoma data nyingi ileile na kadiri data hiyo inavyokaa karibu na prosesa ndivyo kazi inavyokwenda haraka. Ndugu zake ni 5700X3D, iliyotoka mwaka 2024 kwa bei nafuu zaidi, na 7800X3D ya mwaka 2023, inayohitaji ubao mama (bamba linalobeba vipande vyote) wenye tundu la AM5 na RAM ya kizazi kipya, DDR5. Ile Core i5-13400F uliyoahidiwa ina kashe ya L3 ya megabaiti 20. Si prosesa mbaya, na itarusha ndege. Lakini kwa dola zilezile mtu anayeunda mwenyewe anaweza kuchagua prosesa kwa ajili ya kazi hii hasa. Ni nadra muuzaji wa kompyuta za kawaida kukuchagulia hivyo.

RAM ya gigabaiti 16 ni haba. Watengenezaji wa Microsoft Flight Simulator 2024 wenyewe wanaitaja kuwa kiwango cha chini kabisa na wanapendekeza 32. Kadi ya RTX 4060 yenye gigabaiti 8 inatosha kwa skrini yako ya 1080. Usiibadilishe kwa kitu kikubwa zaidi mpaka utakapobadilisha skrini. Nayo diski iwe ya SSD kwa vyovyote, kwa sababu mandhari husomwa diskini muda wote unaporuka, na diski ya kuzunguka haiwezi kuyafuata mahitaji hayo.

Sababu ya pili ni matengenezo. Kompyuta iliyoundwa kwa vipande vya vipimo vya kawaida inatengenezeka na fundi yeyote wa hapa: pawasaplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme) ikiungua, tunaweka nyingine siku ileile. Baadhi ya kampuni kubwa, kinyume chake, hutumia pawasaplai za umbo lao wenyewe na ubao mama wenye plagi zisizofanana na za wengine, hivyo kipande kidogo kikifa unalazimika kuagiza kilekile kutoka ng'ambo au kuiweka mashine nzima kando. Kwa sababu hiyohiyo nakusihi uziepuke kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya ambazo huuzwa hapa mjini kwa bei ya kuvutia. Nyingi zina kasha jembamba ambalo kadi ya michoro ya kawaida haiingii, na pawasaplai isiyo na nyaya za kuilisha kadi hiyo.

Ukiamua kununua kadi iliyokwisha kutumika, usimlipe mtu kabla ya kuiona ikifanya kazi. Kuna kadi za zamani sana ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti au nyingine mpya zaidi. Programu ya bure ya GPU-Z huzigundua kadi nyingi za namna hiyo na kuandika wazi kwamba ni bandia.

Mama wa Kampemba amejibu:

Mwalimu, na fundi wangu wa Kamalondo ninayemheshimu, naomba niseme upande wa pili, kwa kuwa kazi yangu ni kuagiza vifaa vya ofisi na ninayajua yanayotokea kati ya oda na meza ya mtumiaji.

Yote aliyosema fundi kuhusu prosesa ni kweli, lakini anazungumza kama mtu mwenye karakana. Siku ambayo kompyuta uliyoiunda inakataa kuwaka, fundi hutoa RAM nyingine rafuni akajaribu, akatoa pawasaplai nyingine akajaribu, na baada ya muda mfupi anakijua kipande kibovu. Wewe utakuwa na kipande kimoja cha kila aina, na hutajua kama tatizo ni ubao mama, RAM au prosesa. Ukiagiza kutoka kwa wauzaji wanne, kila mmoja atasema kipande chake kilitoka kikiwa kizima. Angalia pia kwamba prosesa ya 13400F na ile 5700X3D zote hazina michoro ya ndani, maana yake kadi ya michoro ikiharibika skrini inabaki nyeusi, na hata kutafuta chanzo cha tatizo kunakuwa kugumu. Hiyo 7800X3D angalau ina michoro midogo ya ndani inayotosha kuwasha skrini.

Halafu kuna forodha. Kila kifurushi kina karatasi zake, kila kimoja kinatozwa ushuru wake, na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inahesabiwa juu ya thamani ambayo ushuru umekwisha kuongezwa. Anayeagiza kompyuta moja nzima anapitia mlolongo huo mara moja. Anayeagiza vipande anaupitia mara kadhaa, na kipande cha mwisho kikikwama, vingine vyote vinakaa katika maboksi huku muda wa dhamana yao ukienda. Ndiyo sababu bei ya RTX 4060, iliyotoka Marekani mwaka 2023 kwa dola 299, au ya 5700X3D, iliyotoka kwa 249, haikusaidii sana kupanga bajeti ukiwa Lubumbashi.

Mwisho, tazama soko la RAM. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei zake zimepanda mno, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji katika vituo vya data vya akili bandia. Anayenunua RAM peke yake leo anaubeba mzigo huo wote, ilhali kompyuta iliyoundwa kutokana na akiba ya zamani wakati mwingine bado inauzwa kwa bei ya zamani. Kwa hiyo kununua nzima kusidharauliwe.

Ila usinunue kwa ahadi ya mdomo. Mwombe mfanyabiashara jina kamili la ubao mama na la pawasaplai kwa maandishi, kwa maana hapo ndipo wauzaji hubania. Akikuandikia tu "wati 600" bila jina la mtengenezaji, mwambie bado hajakujibu. Hakikisha pia RAM imewekwa kwa vipande viwili, kwani kipande kimoja peke yake huipunguza kasi ambayo prosesa inaweza kusoma kumbukumbu, na simuleta hulihisi jambo hilo. Na usafiri uwe wa namna hii: kadi ya michoro itolewe na kufungwa kwenye boksi lake, kwa sababu barabara kutoka Johannesburg ni ndefu, na kadi nzito inayoning'inia ndani ya kasha inaweza kuvunja tundu lake kwenye ubao mama kabla hata ya kufika Kasumbalesa.

Fundi umeme wa Katuba amejibu:

Mimi sitaingia katika ubishi wa prosesa. Nataka tu mwalimu asitumie dola zote 1,600 kwenye kompyuta, kwa sababu mashine ya namna yoyote, ya kununua au ya kuunda, itakufa mapema bila ulinzi wa umeme.

Kadi ya RTX 4060 imepangiwa wati 115, na 5700X3D wati 105. Ukijumlisha ubao, diski, feni na skrini, hesabu wati 300 hivi unaporuka, ili usijidanganye. Onduleri (kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika) ndogo ya VA 650, yaani kipimo cha uwezo wake, inayouzwa kila mahali itabanwa na mzigo huo. Tafuta ya VA 1,000 au zaidi. Uliza pia kama inatoa wimbi la sine lililo safi. Pawasaplai nzuri za siku hizi zina saketi inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme, na baadhi yake, zikipewa lile wimbi la ngazi ngazi linalotolewa na onduleri za bei ya chini, huzimika palepale umeme unapokatika. Mtu hudhani betri imekufa, kumbe betri ni nzima.

Onduleri ni ya kukupa dakika za kutua na kuzima vizuri. Ukitaka kufundisha darasa zima wakati umeme haupo, hiyo ni hesabu nyingine: betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 100 ina saa-wati 1,200, na kwa kuwa haifai kuitumia chini ya nusu, unabaki na 600, yaani chini ya saa mbili za kuruka baada ya kutoa kinachopotea kwenye inveta. Hapa ndipo ninapoiona faida ya kadi isiyokula umeme mwingi. Ile RTX 4070 ambayo wengi watakushawishi uinunue imepangiwa wati 200.

Vumbi nalo linaanza Mei na kuendelea hadi mvua zinaporudi. Chagua kasha lenye vichujio vya mbele vinavyotoka kwa mkono, na feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazoitoa, ili hewa isinyonywe kupitia nyufa zisizo na kichujio.

Mwanafunzi wa Polytechnique amejibu:

Shikamoo mwalimu. Naona bado hujasema utaruka kwa programu gani, na mimi naona hilo lingetangulia, kwa sababu ya intaneti.

Microsoft Flight Simulator 2024 huhifadhi sehemu ndogo tu kwenye diski na kuvuta sehemu kubwa ya dunia kupitia mtandao unaporuka. Kiwango cha chini kinachotajwa ni megabiti 10 kwa sekunde, na kinachopendekezwa ni 50. Haivuti kwa kasi hiyo kila sekunde, lakini megabiti 10 zikiendelea kwa saa nzima ni gigabaiti 4.5, na wewe unajua bei ya mega zetu. Kama shule ina Starlink au mkataba usio na kikomo, mandhari yake ni ya ajabu. Kama haina, utakuwa umeijenga mashine nzuri kwa ajili ya programu inayokuomba fedha kila siku.

Simuleta nyingine, X-Plane 12, husakinishwa pamoja na mandhari yake, kisha unaruka bila mtandao. Inachukua makumi ya gigabaiti, kwa hiyo tafuta mahali penye mtandao mzuri uipakue mara moja. Inakwenda pia kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, hivyo hulazimiki kununua leseni ya Windows. Lakini kwa mwalimu wa fizikia kuna sababu kubwa zaidi: inakokotoa nguvu za hewa kwa kuligawa bawa na panga la propela katika vipande vidogo na kuhesabu nguvu ya kila kipande, na inaweza kuandika namba za safari nzima, yaani kasi, mwinuko, pembe ya bawa dhidi ya hewa na nguvu zenyewe, katika faili la maandishi ambalo wanafunzi wanaweza kulichorea grafu. Safari moja ya kunyanyuka Muanda na nyingine ya kunyanyuka Luano, kwa uzito uleule, zinatosha kwa vipindi kadhaa. Cessna 172 imo ndani tayari, pamoja na King Air C90 na Boeing 737-800.

Na kabla ya kutoa dola hata moja, weka simuleta ya FlightGear kwenye kompyuta yoyote iliyopo shuleni. Ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, na picha zake si nzuri kama za hizo nyingine, lakini ala zake zinasomeka na ndege inaruka. Itakuonyesha mapema wanafunzi wanahitaji nini hasa. Nadhani utagundua kwamba joistiki na pedali zina thamani kubwa kuliko mawingu mazuri.

Mwalimu wa Ruashi ameandika tena:

Nawashukuru nyote kwa moyo wote. Mmenisaidia kuona kwamba nilikuwa nimeanza na swali la pili kabla ya lile la kwanza. Nitatumia X-Plane 12 kwenye Linux, kwa sababu ya lile faili la namba na kwa sababu shule haina mtandao wa kutegemewa. Nimetenga dola 250 kwa onduleri yenye wimbi safi, na fedha nyingine kwa joistiki.

Kuhusu mashine, naelekea kuunda, ila nikiyazingatia aliyosema Mama wa Kampemba: nitaagiza vipande vyote kwa muuzaji mmoja wa Johannesburg, viingie kwa karatasi moja. Nimechagua 5700X3D kwa sababu inatumia RAM ya DDR4, na ninazo tayari gigabaiti 16 katika vipande viwili nilivyopewa na ndugu yangu, kwa hiyo nitaongeza 16 tu. Fundi wa Kamalondo, je, ubao mama wowote wa AM4 utaikubali prosesa hiyo? Na unaweza kuiunda mbele ya wanafunzi wangu?

Fundi wa Kamalondo amejibu:

Mwalimu, si wowote. Ubao wa zamani wenye BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta) iliyotangulia prosesa hiyo hautaiwasha, na kuisasisha kwa kawaida kunahitaji prosesa nyingine ambayo ubao unaitambua. Chagua ubao wa B550 wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa kumbukumbu ya USB bila prosesa, na umwombe muuzaji aisasishe kabla ya kuufunga. Kumbuka pia kwamba 5700X3D haiji na feni yake, kwa hiyo ongeza kipoza-joto cha mnara cha kawaida pamoja na pasta ya joto katika oda hiyohiyo. Watu wengi hulikumbuka hilo siku vipande vimekwisha kufika.

RAM uliyonayo, soma kasi iliyoandikwa juu yake na ununue nyingine ya kasi ileile. Vipande vinne visivyofanana mara nyingine hukataa kwenda kwa kasi yake kamili, na hapo tutaipunguza kidogo katika BIOS hadi itulie. Kama ndugu yako hana haja navyo, ni bora zaidi kumuuzia mtu hivyo viwili na kununua seti moja ya gigabaiti 32, ikiwa bei itaruhusu.

Kuhusu wanafunzi, nitakuja. Nitaleta pawasaplai yangu ya majaribio na kadi ndogo ya michoro, ili ile hofu ya Mama wa Kampemba isitukute tukiwa mbele ya darasa. Nijulishe tu mzigo utakapovuka Kasumbalesa, na usiyafungue maboksi kabla sijafika.